Makofi ya Mgeni Rasmi

Nchi hii haipo. Usiitafute kwenye ramani, na ukijikuta unailipia kodi, ujue umepotea njia mwenyewe. Wenyewe waliiita Jamhuri ya Shangwe, na katika Jamhuri ya Shangwe watu walipiga makofi.

Walipiga makofi bungeni kabla mbunge hajafungua kinywa, maana akishakifungua ilikuwa vigumu kupata sababu. Walipiga makofi daraja lilipozinduliwa, na lilipoanguka wakapiga tena, kwa kuwa waliahidiwa jingine. Wagonjwa walipoambiwa dawa zimekwisha walimpigia daktari makofi kwa ukweli wake. Ile methali ya wahenga isemayo kimya kingi kina mshindo mkuu iliondolewa vitabuni kwa sababu za kiusalama, na mwalimu mmoja aliyesahau kuifuta ubaoni hakuonekana tena kazini.

Sheria iliyozitangulia sheria zote ilikuwa fupi: waraka wa serikali haukosei, akosaye ni msomaji. Kuna mwaka Wizara ya Mifugo ilitaka kila kaya ifuge kuku. Mpiga chapa akateleza kidogo, waraka ukatoka unasema kila kaya ifunge kuku. Katika mji wa Chekeleni mkuu wa polisi alikuwa Afande Kisusi, mtu asiyejua mzaha. Alikamata kuku wote. Majogoo walihukumiwa, vifaranga wakapewa dhamana, na mitetea wawili waliofia mahabusu waliandikiwa homa. Jikoni kwa askari magereza homa hiyo ilinukia kitunguu na binzari wiki nzima. Hakuna aliyethubutu kusema kwamba kulikuwa na herufi iliyozidi. Watu walipiga makofi.

Basi usishangae kwamba makofi yaliingia na kanisani.

*

Mama Eufrasia Nandonde aliishi Chekeleni, Mkatoliki wa kuzaliwa, mke wa Kasiani seremala. Kasiani ndiye aliyeyachonga mabenchi yote ya Parokia ya Mtakatifu Sesilia, na altare pia, ya mninga, bila msumari hata mmoja. Vumbi la mbao lilikuwa limemkaa mapafuni, akawa akipanda ngazi za kanisa inambidi asimame kwanza apumue. Lakini Misa hakuikosa. Alikuwa na mahali pake, benchi la nne kushoto, na akishapokea komunyo aliinamisha kichwa akatulia. Siku moja Mama Eufrasia alimwuliza huwa anamwambia Mungu nini muda wote ule.

"Simwambii kitu," Kasiani alisema. "Tunakaa tu."

Kisha parokia ikapata paroko mpya, Padre Dezideri, ambaye watu walimpa jina la Padre Umeme naye akalipokea kwa mikono miwili. Padre Umeme hakuingia kanisani kwa miguu. Aliingia kwa pikipiki, katikati ya njia, kasula, lile vazi la Misa, ikipepea nyuma, ndani ya moshi wa mashine. Uvumba ulistaafishwa kwa kuwa haukutoa moshi wa kutosha. Madirisha yalifunikwa vitambaa vyeusi ili taa za rangi zionekane hata saa nne asubuhi. Ukutani kuliwekwa skrini kubwa mbili ambamo waamini walijiona wenyewe wakisali. Jukwaa lilipojengwa, altare ya mninga ilionekana inabana nafasi, ikasukumwa pembeni, nyuma ya spika. Mwishowe na mabenchi yakatolewa nje, yakarundikwa ukutani kwenye mvua, ili watu wapate pa kurukia.

Wakati wa mageuzo, mkate unapogeuka Mwili wa Kristo, taa zilipepesa nyekundu na buluu. Padre aliinua Hostia, mpiga kinanda akatia mdundo, na Padre akauliza kwenye kipaza sauti, "Mko wapiii?"

"Tuko hapaaa!"

"Mpigieni Yesu makofiii!"

Mama Eufrasia alisikia mashavu yanamwaka kwa aibu, na chini ya ile aibu kulikuwa na hasira. Mikononi mwa padre yule alikuwapo Yule ambaye yeye alifundishwa kumpigia magoti tangu hajajua kuvaa viatu, na hakuna aliyemwangalia.

Tena asisingiziwe. Hakuwa adui wa ngoma. Siku ya harusi yake vipaji vilipelekwa altareni kwa ngoma, akina mama wakicheza polepole na kapu la mahindi kichwani, na vigelegele vyake kwenye wimbo wa Utukufu vilijulikana hadi parokia ya jirani. Lakini ngoma ile ilikuwa inapeleka kitu kwa Mungu. Hii ya sasa ilikuwa inamletea padre.

*

Parokia ikagawanyika, huku Wachangamfu, kule Wakimya. Waliacha kuazimana chumvi. Padre aliposema watakiane amani, Mchangamfu aliruka watu watano kutafuta Mchangamfu mwenzake wa kumpa mkono.

Ugomvi mkubwa ulizuka kwenye mkutano wa jumuiya, nyumbani kwa Mama Restituta, mwenyekiti wa akina mama na kiongozi wa Wachangamfu. Huyu Restituta ndiye aliyemsimamia Mama Eufrasia kwenye ndoa yake, kwa hiyo waligombana kwa haki zote za ndugu.

"Dada, tusidanganyane," alisema Restituta. "Zamani vijana wetu walikuwa wapi? Walikuwa nje wanachezea simu. Leo wamejaa mpaka mlangoni. Hilo nalo ni kosa la Padre?"

"Wamejaa kumtazama nani?"

"Kumtazama Mungu! Kwa furaha!"

"Wanajitazama wenyewe ukutani. Jumapili nimemwona mwanao anapunga mkono, Restituta. Wakati wa mageuzo. Nikageuka nimtafute anayepungiwa, kumbe anajipungia mwenyewe."

Watu wakacheka, hata Wachangamfu wawili watatu, na Restituta akapandisha sauti.

"Mfalme Daudi hakucheza mbele ya sanduku la agano? Hakucheza?"

"Alicheza. Lakini hakulisukuma sanduku pembeni apate nafasi ya kuchezea."

"Haya, na makofi? Kumpigia Bwana wetu makofi ni dhambi tangu lini?"

Hapo Kasiani, ambaye kwa kawaida aliiweka akiba pumzi yake, akainua mkono.

"Mimi kwenye somo la Mateso ya Ijumaa Kuu huwa nasikia makofi mahali pamoja tu," alisema, akapumzika, akaendelea. "Askari wa Pilato. Wakampiga makofi."

"Wale walimpiga, shemeji," alisema Restituta. "Sisi tunampigia. Kuna i pale katikati."

"Basi iangalieni sana hiyo i," Kasiani akasema. "Isije ikadondoka."

Pande zote mbili zilipeleka malalamiko kwa Askofu. Askofu alizijibu zote mbili kwa maneno yaleyale, kwamba anazikumbatia kwa upendo wa kibaba, kwamba ataunda tume, na kwamba tume itasali. Hadi leo inasali.

*

Juma Kuu lilimkuta Kasiani Kituo cha Afya, kwenye mashine ya oksijeni. Umeme wa gridi ulikuwa umekatika siku nyingi, lakini Kituo kilikuwa na jenereta yake iliyonunuliwa kwa michango ya wananchi, na mashine ikafanya kazi. Nesi alimwambia Mama Eufrasia asiwe na wasiwasi.

Sasa, kama wewe si Mkatoliki, nikwambie jambo moja. Mkesha wa Pasaka huanza gizani. Taa zote huzimwa kwa makusudi, unawashwa mshumaa mmoja, na kila mtu anachukua moto kwa jirani yake mpaka kanisa zima linang'aa. Wakristo wamefanya hivyo tangu kabla dunia haijajua balbu. Ukitafuta ibada isiyohitaji umeme mwaka mzima, ni hiyo.

Wizara ya Shangwe na Utulivu ilikuwa imesikia sifa za Padre Umeme, ikaamua kuurusha Mkesha wake kwenye runinga ya taifa. Iliona ibada ile ni mfano mzuri, maana mtu anayepiga makofi mikono yake yote miwili ina shughuli. Lakini spika, skrini na mashine ya moshi vinataka nguvu. Jioni ya Jumamosi Kuu lilikuja gari la Wizara Kituo cha Afya, Afande Kisusi ndani yake na waraka mkononi, likapakia jenereta. Nesi alisimama mbele ya gari. Afande Kisusi akamwuliza kama anajua kusoma.

Mama Eufrasia alimpepea mumewe kwa ncha ya kanga. Akampepea mpaka mkono ukafa ganzi, akabadili mkono. Kutoka ng'ambo, kanisani, walisikia makofi yanakuja kwa mawimbi, yanapungua, yanakuja tena.

"Mama," alisema Kasiani.

"Usiseme. Pumua."

"Wasinipigie makofi. Sijafanya kitu cha kupigiwa makofi."

Alikufa wakati wa Utukufu. Mama Eufrasia alijua kuwa ni Utukufu kwa sababu hapo makofi yalizidi.

Jumatatu ya Pasaka Padre hakuwapo. Alikuwa ameitwa mji mkuu kuhojiwa kwenye runinga juu ya mafanikio ya Mkesha. Katekista alimzika Kasiani kwa sala fupi, mvua ikinyesha. Mtu aliyechonga altare ya parokia alikwenda kaburini bila Misa. Mama Eufrasia akaapa kwamba arobaini yake itakuwa na Misa, na Misa hiyo itakuwa na kimya.

*

Katika Jamhuri ya Shangwe kimya cha zaidi ya watu watatu kilihitaji kibali. Mama Eufrasia akavaa gauni lake jeusi akaenda Idara ya Utulivu, ambako Afisa mnene alimkaribisha chini ya picha ya Rais akijipigia makofi.

"Unaomba kimya," alisema Afisa. "Kimya cha aina gani?"

"Cha kawaida, baba. Watu wasiseme."

"Wasiseme nini?"

"Wasiseme chochote."

Afisa akaegemea kiti, akamwangalia kwa huruma. "Mama yangu, watu mia sita wamekaa pamoja, hawasemi, hawaimbi, hawapigi makofi. Wanafanya nini?"

"Wanamwombea mume wangu."

"Nitajuaje? Mtu akiimba namsikia anaimba nini. Akipiga makofi naona anampigia nani. Sasa huyu wako aliyenyamaza, mimi nitajuaje kwamba hawazi bei ya sukari?"

"Akiiwaza, si Mungu anajua?"

"Mungu hatuletei taarifa," Afisa alisema kwa masikitiko. "Alikufa kwa ugonjwa gani, marehemu?"

"Alikufa kwa jenereta," alisema Mama Eufrasia.

Chumba kizima kikatulia, bila kibali. Afisa akatoka nje, akakaa huko muda mrefu, aliporudi alikuwa na tabasamu jipya kabisa. Alisema Wizara imeguswa. Ombi limekubaliwa: kitaruhusiwa kimya kimoja, kisichozidi urefu wa chafya. Aidha, kwa uzito wa jambo lenyewe, Misa ya arobaini itakuwa ya kitaifa, na mgeni rasmi atakuwa Waziri mwenyewe.

"Sikumwalika," alisema Mama Eufrasia.

"Ndiyo maana anakuja," alisema Afisa.

*

Padre Dezideri ndiye aliyeleta habari zilizobaki. Alikuja kwa miguu, bila miwani ya jua, akasimama uani kama mdeni.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na milele, amina. Kaa, Padre. Kigoda kile, alikichonga yeye."

Padre hakukaa. Alieleza kwamba Kasiani atapewa Nishani ya Mwanga. Wizara imeandika kuwa marehemu aliaga dunia akichangia umeme wa taifa.

Mama Eufrasia alikuwa anachambua mchele. Mikono ikasimama juu ya ungo.

"Akichangia?"

"Ndivyo walivyoandika, mama."

"Padre, siku ile ulipoomba jenereta, uliuliza ina nguvu kiasi gani?"

"Niliuliza."

"Uliuliza inatoka wapi?"

Padre akaangalia viatu vyake. Alikuwa kijana tu, akaonekana kijana. "Sikuuliza," alisema. "Nilitaka watu wampende Mungu, mama. Wakaja wengi. Nikadhani wingi wao ndio jibu."

"Kasula yako ile niliishona kwa mkono wangu ulipokuja parokia hii," alisema Mama Eufrasia. "Sikuishona ili uendeshee pikipiki. Nenda, Padre. Nimekukasirikia, na leo sitakudanganya kwamba nimekusamehe."

Alipotoka aliingia Restituta, na chungu cha uji kwenye kitambaa. Wanawake wawili hawa walikuwa hawajasalimiana tangu ile jumuiya. Restituta alikitua chungu, akabaki ameinama.

"Nimesikia ya jenereta," alisema. "Dada, mimi usiku ule nilikuwa mbele kabisa. Nilipiga makofi mpaka viganja vikaniwasha."

Mama Eufrasia alichukua vikombe viwili.

*

Siku ya Misa kanisa lilijaa. Vitambaa vyeusi vilikuwa madirishani, taa zinapepesa, na nyuma ya ukuta jenereta inanguruma. Wizara haikuwa imeirudisha, ilisema inaifanyia tathmini. Picha ya Kasiani iliwekwa kwenye skrini, imeongezewa tabasamu. Kwaya ya Wizara, yenye sare za njano, ilikuwa imepangwa mstari wa mbele kuongoza makofi.

Baada ya komunyo Padre akasema, "Tuombe." Mama Eufrasia akainamisha kichwa. Akawahi kusema moyoni, "Ee Bwana, huyu Kasi," na ngoma zikalipuka. Afande Kisusi, aliyesimama karibu na kipaza sauti, alikuwa amepiga chafya.

Akapanda jukwaani Mheshimiwa Profesa Daktari Mhandisi Balozi Mwakelele, Waziri wa Shangwe na Utulivu, mtu wa mashavu mazuri, yaliyonenepa kwa utumishi wa umma.

"Ndugu zangu Wakatoliki!" alisema. "Nimesikia mnagombana. Wengine mnataka kelele, wengine mnataka kimya. Serikali yenu sikivu imewasikia wote. Tumewaletea suluhu ya kudumu: kelele mtapata sasa, na kimya mtapata mkishakufa!"

Kwaya ya Wizara ikapiga makofi.

"Mwangalieni marehemu Kasiani. Wako waliolipa taifa jasho. Wako waliolipa damu. Huyu mzalendo alitoa pumzi! Na alipotoa pumzi yake, hakulalamika! Je, mmesikia analalamika?"

"Hapanaaa!" ilisema kwaya.

"Mnaona! Mama mjane, futa machozi. Mumeo hakufa. Mumeo ameunganishwa na gridi!"

Mama Eufrasia hakuwa na machozi ya kufuta. Alikuwa anaangalia nishani iliyobandikwa kwenye gauni lake jeusi, bati lenye umbo la balbu, na akili yake ilikuwa baridi na safi kabisa. Mtu alikufa amefungua kinywa anatafuta hewa. Na hawa wamekuja kumshangilia.

"Sasa," Waziri akamaliza, akikunjua mikono, "tufuate itifaki."

Padre Dezideri alipewa waraka wa Wizara auone kwa mara ya kwanza, maana nyaraka za itifaki zilifungwa kwa lakiri. Akasoma kwa ile sauti yake ya jukwaani.

"Baada ya hotuba, mgeni rasmi atasimama mbele ya waamini. Mjane wa marehemu, kwa niaba ya familia, atampiga." Akasita. Akasogeza karatasi karibu na macho. "Nadhani hapa walikuwa wanamaanisha—"

"Padre!" Afande Kisusi alikuwa ameshasimama, mkono kwenye mkanda. "Unaisahihisha serikali?"

"Hapana, Afande, ila kuna kaherufi—"

"Waraka haukosei. Akosaye ni nani?"

"Msomaji," alisema Padre, jasho likimtoka.

"Soma kilichoandikwa."

Padre akasoma. Alisoma polepole, bila madoido, kama padre anavyotakiwa kusoma. "Mjane wa marehemu, kwa niaba ya familia, atampiga mgeni rasmi makofi. Kisha waamini wote, kwa utaratibu na upendo, watampiga makofi, mpaka atakapoketi."

Waziri hakuwa akisikiliza. Mtu aliyepigiwa makofi miaka yote ile hasikilizi tena, anangoja tu. Alisimama mbele ya jukwaa, macho amefumba nusu, uso ameuinua.

Watu walimgeukia Mama Eufrasia. Restituta alikuwa amemshika kiwiko, na sasa akakiachia.

Akapanda ngazi taratibu. Alikuwa raia mtiifu, hajawahi hata kukwepa ushuru wa soko. Akavua pete yake ya ndoa akaitia mfukoni, ili isimjeruhi mtu. Akasimama mbele ya Mheshimiwa Profesa Daktari Mhandisi Balozi, akapima, akampiga kofi la shavu la kulia.

Kipaza sauti kililichukua kofi lile, spika zikalirudisha mpaka mlangoni.

Kisha akampiga la kushoto, kwa sababu waraka ulisema makofi, na neno lilikuwa kwenye wingi.

Kanisa zima likanyamaza. Kwaya ya Wizara ilibaki mikono hewani. Walinzi walimwangalia Afande Kisusi, na Afande Kisusi aliangalia waraka, akausoma mara ya pili kwa kidole, midomo ikicheza. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyewahi kufunga kuku na hawezi kurudi nyuma.

"Iko sawa," alisema. "Endeleeni. Kwa utaratibu."

Hapo Mama Restituta, mwenyekiti wa akina mama, kiongozi wa Wachangamfu, akakunja mkono wa blauzi. Nyuma yake akaja Mkimya, nyuma ya Mkimya Mchangamfu, nyuma yao nesi wa Kituo cha Afya. Ukajipanga mstari mmoja katikati ya kanisa, mrefu na mnyofu, mstari wa watu waliozoea kupanga foleni ya komunyo. Hakuna aliyesukumana. Mzee mmoja alitaka kupitishwa mbele kwa sababu ya miguu, wakampisha.

Waziri alielewa haraka, Profesa hakosi kuelewa, kwamba kuna neno moja tu la kumwokoa, nalo ni kuketi. Akageuka kutafuta pa kukaa. Hapakuwa na pa kukaa. Mabenchi yote ya Kasiani yalikuwa nje, kwenye mvua, ili watu wapate pa kurukia.

"Kwa upendo," Restituta alimkumbusha, akainua mkono.

Kesho yake gazeti la serikali liliandika kwamba Waziri alipata makofi ya moto Chekeleni, na kwamba hata viongozi wa dini walishiriki, maana Padre Dezideri alikuwa amempa Waziri nafasi ya kutubu kwanza, kisha akaingia kwenye mstari. Hakuna aliyeikanusha habari ile. Afande Kisusi, ambaye naye alikuwa amebatizwa, alishika nafasi ya mwisho, kofia kwapani.

Lakini hayo Mama Eufrasia hakuyaona. Yeye alishuka jukwaani, akaupita mstari wote, na kila aliyempita aliinamisha kichwa. Akatoka mlango wa sakristia mpaka nyuma ya ukuta. Jenereta ilikuwa pale inatetemeka, na ubavuni mwake rangi nyeupe ilikuwa bado inasomeka: Mali ya Kituo cha Afya. Akatafuta ufunguo kwa vidole, akauzungusha.

Ikakohoa, ikazima. Mle ndani skrini zikafa na Kasiani wa kuongezewa tabasamu akatoweka; ukabaki mshumaa wa Pasaka peke yake, na makofi, moja moja, bila muziki.

Mabenchi yalikuwa yamerundikwa ukutani. Aliyakagua mpaka akaliona la nne, lile lililolika upande mmoja kwa kukaliwa na mtu yuleyule. Akalivuta likasimama sawa. Akabandua balbu ya bati kifuani, akaiweka chini, akapangusa maji kwenye ubao kwa ncha ya kanga, akaketi, akabakiza nafasi upande wa kushoto. Akainamisha kichwa.

Hakumwambia Mungu kitu. Walikaa tu.